Waliniambia ningoje kilio kiishe ndipo nizibe mitumbwi

Wakuu, na nyinyi munaosoma kimya kimya bila kumujibu mutu, nawasalimu wote kutoka Nyamianda, hapa kando ya ziwa.

Ilikuwa ule mwaka tulikula maharage mupaka watoto wakauliza samaki iko na sura gani. Uvuvi ulifungwa miezi mitatu. Asubuhi maharage, jioni sombe, yale majani ya muhogo, kesho yake maharage ya jana.

Minye sikusoma sana, naandika kwa kidole kimoja. Lakini uongo sina. Mutu wa Kalundu akiona nimeongeza chumvi, anisahihishe hapa hapa.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuziba mitumbwi. Kazi yenyewe ni hii: unasokota pamba, unailowesha mu mawese, unaisukuma kati ya mbao kwa patasi na nyundo, maji yanakosa njia.

Miaka yote ya ndoa minye njo nilisokota pamba. Macho yake yalipoanza kuchoka, minye njo nilipiga nyundo, yeye akakaa pembeni kupokea sifa.

Alifariki mwanzoni mwa ule mwaka. Mungu amupumzishe, alikuwa mutu mwema na mupenda sifa.

Basi, mwezi wa tatu wa kufungwa uvuvi nikapita ku mwalo. Mitumbwi yote iko juu ya muchanga, jua linaipiga. Nikagusa mutumbwi wa shemeji yangu, mudogo wa marehemu. Kidole kikaingia kati ya mbao mupaka kucha ikapotea. Mbao zilikauka, zikapeana mugongo kama mutu na muke wake waliogombana.

Wengine wanaitwa na malaika. Minye niliitwa na ule ufa. Mikono ikaanza kuwasha. Nikajua ile kazi iko yangu, si ya kumusaidia mutu tena.

Nikawaambia watu wa nyumbani. Ningesema naolewa, wangeshtuka kidogo kuliko vile.

Mwanangu wa kwanza ni diakono. Huyo hata kiatu kikipotea anafunga siku tatu. Akasema, "Mama, ungoje kwanza tuweke hili jambo mu maombi."

Wifi yangu akasema, "Ungoje kilio kiishe. Mujane akigusa mutumbwi akiwa bado na nguo za kilio, samaki wanakimbia."

Nikamuuliza, "Miezi mitatu hakuna mutu aliyeingia mu maji. Hao samaki wakimbie nani?"

Shemeji mwenye mutumbwi akakohoa kama mheshimiwa. "Shemeji, komite ya wavuvi itakaa. Ungoje barua."

Barua. Kama vile ufa unajua kusoma.

Nikamupeleka ku mutumbwi, nikamuonyesha. Akanitazama kama mutu anayemutazama kuku akisoma gazeti. Kesho yake akatafuta kijana, akapaka lami juu ya mbao zote. Nyeusi, inang'aa. Wakuu, ni sawa na kumupaka mutu mwenye njaa mafuta ku midomo, ili aonekane amekula.

Minye nikaenda Songo kwa mujane mwenzangu. Alikuwa na mutumbwi mudogo, hana fundi. Hakuniuliza barua. Alileta kigoda, akakaa, akaanza kusokota pamba.

Siku sita. Mugongo uliwaka. Wapita njia wakacheka: "Bibi, unaushonea mutumbwi nguo?"

"Njo vile," nikajibu. "Weye wako unaenda uchi."

Lakini hapa niseme kweli, niliogopa. Ule mutumbwi watoto wawili wa yule mujane njo walikuwa wanaingia ndani. Pamba yangu ikitoka katikati ya ziwa, nani atanisamehe? Na kazi ya nyundo nani atanipa tena?

Siku ya kufungua uvuvi ikafika. Mutumbwi wa shemeji ukabarikiwa: hotuba, wimbo, hotuba tena. Diakono wangu akapanda ndani ili aombe juu ya maji.

Kabla ya amina ya pili, lami ikabanduka kama ganda la kidonda. Maji yakafika ku vifundo vya miguu, kisha ku magoti. Wanaume wazima wanateka maji kwa beseni, mwanangu ameinua Biblia juu ya kichwa, shemeji anapiga kelele warudi. Walirudi wameketi ndani ya maji kama watoto wanaoogeshwa.

Mutumbwi wa mujane ukawapita kando. Mukavu. Ulirudi asubuhi ya kesho yake na ndagala, vile visamaki vidogo, zimejaa, na wale watoto wawili wakiimba.

Shemeji akaja mulangoni kwangu, suruali bado inanuka lami. "Shemeji, tumeona. Kazi unaijua. Ila ungoje kidogo tu, tuite kikao cha familia tukuruhusu, watu wasiseme tumekuacha ovyo."

Nikamwambia: "Nimekataa kungoja. Nyundo iko yangu, mukono iko yangu."

Akaenda kufanya kikao chake. Walibishana juma nzima. Siku walipokubaliana kuniruhusu, nilikuwa ku mutumbwi wa ine. Wake ukawa wa tano. Alipanga foleni kama wengine, akangoja.

Funzo nililopata: mutu akikuambia ungoje, mutazame mikono. Kama haijawahi kushika ile kazi, musalimie vizuri, upite.

Sisemi kila kungoja ni ujinga. Hata pamba inangoja siku nzima mu mawese. Lakini pamba inangoja ikinywa. Weye ukingoja barua ya komite unakunywa nini?

Haya, andikeni hapa chini. Nani alikuambia ungoje, na ukangoja mupaka lini?

Na kuna wale watakaokuja kunifundisha heshima ya kilio, weye wifi ukiwa wa kwanza, maana najua uko humu na jina la kujificha. Jibu langu sijalibadilisha:

Nimekataa kungoja. Nyundo iko yangu, mukono iko yangu.