Saa ya Marehemu

Fundi saa wa mtaani kwetu hufuta vidole kabla ya kugusa saa yoyote, na huongea kwa sauti ya chini utadhani kuna mtoto amelala. Juzi mjane mmoja alimletea saa ya bei mbaya ya marehemu mumewe, aliyekuwa akiendesha mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili hospitalini.

"Sumaku haikuiweza miaka yote, fundi. Mbona imesimama baada ya msiba?"

Fundi akaifungua, akaichungulia, akaifunga.

"Ni nzima, mama. Hujitia ufunguo yenyewe mkono wa mvaaji ukitembea. Imekosa mkono tu."

Akamvisha. Ilipoanza kutembea, mama akaangua kilio. Fundi akatoka, akasimama mlangoni. Nilipofika akanizuia taratibu.

"Subiri kidogo. Ndani kuna mtu na mumewe."