Jina Langu Kwenye Chupa Yenye Moyo

Nimeshatapeliwa. Nimeshaibiwa. Lori la mkaa lishawahi kuniacha njiani likaondoka na viatu vyangu.

Lakini hakuna kilichowahi kunikausha mate kama siku niliyoona jina langu limebandikwa kwenye chupa, na ndani ya chupa kuna moyo.

Mweusi. Umezama kwenye maji ya kahawia.

Tulia, nikupe mwanzo.

Mimi ni muuza nyama. Watu wananiita Sharubu, na ukiniona hutauliza kwa nini. Bucha niliianza na kisu cha kuazima na gogo la kuokota, kwa hiyo jina lake nalilinda kuliko nywele zangu, ambazo hata hivyo zilishanikimbia.

Tupo wawili. Mimi na shemeji, kaka yake mke wangu. Mimi nakata nyama na kutaniana na wateja. Yeye anafungua alfajiri, anapokea mbuzi waliochinjwa, anasafisha utumbo, maini na mioyo, anafunga kwenye mifuko.

Akatokea dada mmoja. Mpole, miwani, begi mgongoni. Hataki nyama, hataki maini. Anataka mioyo tu.

"Kaka, naomba mitatu. Ile mishipa ya juu msiikate."

"Mishipa ya nini, dada? Hiyo hata paka wangu anaisusa."

"Naihitaji hivyohivyo. Imechinjwa leo?"

"Leo leo. Ukitega sikio bado inadunda."

Hakucheka. Aliniangalia kama askari anayekagua kitambulisho.

Wiki iliyofuata karudi, na iliyofuata tena, mpaka ikawa miezi. Mioyo tena. Swali lilelile: imechinjwa lini? Siku moja nikaona vidole vyake. Ncha zote za kahawia, rangi isiyotoka kwa sabuni.

Shemeji akanivuta uani.

"Umeviona vile vidole?"

"Nimeviona."

"Mtu na akili zake anunue mioyo kila wiki, mishipa isikatwe, wala haombi kupunguziwa? Shemeji, yule anaroga. Mfukuze kabla hajatumaliza."

"Wewe akikuroga labda utapendeza," nikamwambia.

Nikacheka peke yangu. Ila niliporudi kwenye gogo, nilijikuta nachungulia barabarani kama yule dada anarudi.

Sijui maneno yalitokaje nje. Nilishtukia tu mama mmoja, mteja wangu tangu siku za kisu cha kuazima, kasimama mlangoni hataki kuingia.

"Sharubu baba, ni kweli unauza mioyo ya kufanyia mambo?"

"Mambo gani, mama?"

"Unayajua."

Akavuka barabara, akaingia kwa Bonge.

Bonge ni muuza nyama mwenzangu wa upande wa pili, mwenye tumbo linalowahi kufika kazini kabla yake. Wateja wakaanza kuhamia kwake mmoja mmoja. Jioni nyama yangu inaning'inia tu, tunatazamana. Mke wangu akaniuliza, tena kwa sauti ya chini, kama si bora tufunge kabla hatujafungiwa.

Hapo utani ukaniisha. Nikasema huyu dada leo namfuata, nijue mioyo yangu inaenda wapi.

Akaja, akanunua, akaondoka. Nikavua aproni, nikawa nyuma yake. Jamani, mtu mwenye sharubu kama zangu kujificha ni kazi. Akapitia kwanza kwa Bonge, akatoka na mfuko mwingine. Kisha akaingia geti la chuo, akazunguka majengo, akaishia chumba cha mwisho kabisa.

Nikavuta pumzi, nikasukuma mlango.

Harufu ya dawa ikanipiga usoni. Ukuta mzima ni rafu, na rafu zimejaa chupa kubwa za mdomo mpana. Kila chupa na moyo wake, kwenye maji yenye rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Chupa za rafu ya chini zimeandikwa BONGE.

Za juu, SHARUBU.

Miguu ilitaka kurudi. Mdomo ukaniponza.

"Dada, mimi nimekukosea nini?"

Alishtuka nusura aangushe miwani. "Kaka Sharubu? Umefuata nini huku?"

"Nimefuata moyo wangu."

Akavuta stuli. "Kaa. Usiguse kitu. Ulishawahi kupigwa eksirei?"

"Mguu. Ng'ombe aliniangukia."

"Kwenye picha uliona nini?"

"Mfupa."

"Na nyama?"

"Nyama ilikuwa kama moshi tu."

"Basi ndiyo shida yangu hiyo. Miale inapita kwenye nyama kama vile haipo. Haya maji ni ayodini, ile ya kupaka kidonda. Nikiuloweka moyo wiki kadhaa, nyama inainywa, na ayodini inazuia miale. Kila sehemu inakunywa kwa kiasi chake. Nikipiga picha hapo, naona uzi mmoja mmoja wa msuli bila kupasua chochote. Nataka kujua nyuzi zinavyojisokota, iwasaidie madaktari wanaorekebisha mioyo ya watoto waliozaliwa na kasoro."

Nikatazama vile vidole vya kahawia. Aibu ikanishika mpaka sharubu zikalala.

"Sasa na mimi nikwambie," akasema. "Muda wote huu nilikuwa nakushuku wewe."

"Mimi tena?"

Akageuza kompyuta. "Huu ni wa Bonge." Nyuzi zimelala vizuri, utadhani nywele zimechanwa. "Huu wako." Nyufa kila mahali, kama tope lililopigwa na jua.

"Hizo nyufa ni barafu, kaka. Nyama ikigandishwa, maji yaliyomo yanakuwa vipande vya barafu, vinakata nyuzi. Ikiyeyuka na kuoshwa, kwa macho huwezi kujua. Mioyo yako yote iligandishwa. Na kila nikikuuliza unaniambia bado inadunda."

"Dada, mimi friza sina. Naletewa mbuzi kila alfajiri."

"Nani anakufungia mioyo?"

Nikanyanyuka kwenye stuli. Mioyo anafunga shemeji peke yake.

Kesho yake niliamka kabla ya shemeji, nikajibanza nyuma ya pipa la taka. Mbuzi wakaletwa. Shemeji akatoa mioyo, akaiweka kwenye ndoo, akafunika kwa gunia, akavuka barabara. Mlango wa nyuma wa Bonge ukafunguka. Ndoo ikaingia. Likatoka boksi linalofuka baridi.

Ikanichukua muda kuelewa. Ile mioyo yenye nyuzi zilizolala vizuri, ya rafu ya Bonge, ilikuwa yangu. Ile yenye nyufa, yenye jina langu, ilikuwa ya friza la Bonge.

Shemeji alipogeuka alinikuta katikati ya barabara.

"Shemeji. Umeamka mapema."

"Wewe je, huwa unalala?"

"Ni Bonge tu, aliniomba nimbadilishie mioyo, ananipa chochote kidogo."

"Na yale maneno ya uchawi, nayo alikuomba?"

Akaangalia boksi. "Yule dada alizidi kuuliza. Angejua."

Mke wangu nilimweleza bila kuongeza chumvi. Akajifunga khanga, akaja dukani, akamnyooshea kaka yake kiganja mpaka funguo zikawekwa pale.

"Nyumbani utakuja kula kama ndugu," akamwambia. "Hapa usikanyage."

Siku hizi alfajiri anafungua mke wangu. Wateja hawajarudi wote, na Bonge bado ananipungia mkono kama jirani mwema.

Mimi funzo langu ni hili. Nilimfuata mtaani mtu aliyeniuliza nyama imechinjwa lini, nikamwachia funguo mtu aliyenikataza nisimsikilize. Ukiona mtu anakulazimisha umwogope muulizaji, usihangaike na muulizaji. Lichukue lile swali, nenda kajiulize mwenyewe, tena dukani kwako.