Zawadi ya Mzee kwa Mama Ramani

Kazini walimwita Mama Ramani kwa kuwa alichora ramani za nyumba, na siku hizo hata jina lenyewe lilimchosha. Mteja wake, mfanyabiashara mstaafu aliyeitwa Mzee na kila mtu, alitaka nyumba ya mapumziko mlimani. "Isiyoharibu mazingira," alisema siku ya kwanza, na Mama Ramani akafurahi kama mtoto. Maskini, hakujua.

Mzee alitaka paa la nyasi, ila wadudu wasikae. Alitaka maji ya mvua yakingwe, na bado bwawa la kuogelea liwepo. Kila wiki simu inalia, kila wiki Mama Ramani anafuta na kuchora upya, mgongo umempinda kwenye meza iliyobanwa kati ya dirisha na friji. Alilegeza mengi. Moja tu alilishikilia kwa meno: nyumba isimame juu ya nguzo za mbao, mteremko usichimbwe. Chini ya mteremko huo waliishi watu, na mizizi ya miti iliyoota hapo ndiyo iliyoushika udongo usiwaangukie.

"Huo mlima," mumewe alimwambia akimwekea chai, "naona sasa ni mume mwenzangu. Basi na mimi nipewe zamu yangu."

Alicheka, kisha akasinzia na penseli mkononi.

Hatimaye Mzee akakubali, akasaini michoro yote. Siku ya kwenda kuweka vigingi, Mama Ramani alipanda mlima magoti yakimuuma lakini moyo mwepesi. Kwenye kona ya mwisho Mzee akamsimamisha.

"Fumba macho, Mama. Nina zawadi yako."

Alipofumbua, jamani! Mteremko haukuwapo. Palikuwa na kiwanja bapa, chekundu, tingatinga limeegeshwa pembeni, na miti imesukumwa ukingoni imelaliana.

"Umehangaika mno na ule mteremko," Mzee alisema, uso umemjaa furaha ya kweli. "Kila mchoro nguzo, nguzo! Nikasema huyu mama anateseka, ngoja nimsaidie. Sasa si utajenga kirahisi?"

"Mzee, nguzo zilikuwa za kuulinda huo mteremko!"

"Loo! Shukrani ya punda mateke," Mzee alinung'unika. Kisha akaona machozi yake, akanywea. "Si ungeniambia."

Mama Ramani alikuwa amemwambia mpaka koo likakauka, wiki baada ya wiki. Sasa hasira yenyewe hakuwa na nguvu ya kuibeba. Alikunja michoro. Na wajenge wanavyotaka, yeye anakwenda kulala.

Alipogeuka kushuka, akaziona nyumba za chini. Mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo, anapiga soga na jirani yake, wala hana habari na udongo uliolegea juu ya kichwa chake. Wingu la mvua lilikuwa limeshakaa kileleni.

Mama Ramani akarudi.

"Mzee, saruji unaweza kuileta leo?"

"Saruji? Si wewe uliyeniambia saruji hutaki hata kuinusa?"

"Ndiyo, ni mimi. Lete, na mawe, na mafundi wote unaowajua. Tunajenga ukuta wa kuushika huu udongo. Nyumba utaniambia siku nyingine."

Akakaa juu ya gogo, akaugeuza mchoro uliosainiwa, na nyuma yake akaanza kuchora ukuta mnene, mbaya, wa zege tupu. Alilia huku anachora, na mkono haukusimama.