Maharage ya Siku ya Kupaa

Nilipokuwa na miaka tisa, kule Izimbya, hakuna aliyegusa udongo wakati wa msiba. Jembe lilikaa pembeni mpaka matanga yaanuliwe. Tuliamini kwamba atakayevuta chochote ardhini kabla ya hapo, marehemu naye atamvuta. Zamani mwiko huo haukumsumbua mtu. Baada ya vita vya mpakani ukaja ugonjwa tuliouita Juliana, jina la shati lililokuwa likivushwa mpakani, na misiba ikafuatana mpaka magugu yakatushinda.

Tata, baba yangu, alizikwa Jumanne, kwenye kibanja chetu, shamba la migomba nyuma ya nyumba. Vidonda vilikuwa vimemla mpaka midomoni, na ndugu zake walikataa kumwosha. Mama alimwosha peke yake. Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Kupaa, akanishika mkono tukaenda kanisani kwenye mvua. Mwinjilisti akatuhubiria jinsi Yesu alivyopaa, nami nikakasirika kabisa.

"Naye ametukimbia kama Tata," nilimwambia Mama tukirudi.

Mama akasimama. "Alipaa na makovu yake, mwanangu. Mwili uliotobolewa misumari ndio umeketi juu ya kila kitu. Sasa niambie, huko nani atamcheka baba yako?"

Tulipofika hakubadili hata gauni. Maharage yalikuwa yamekomaa na mvua ilianza kuyaotesha ndani ya maganda, nasi hatukuwa na akiba nyingine. Akaanza kuyang'oa hatua chache kutoka kaburini. Shangazi, dada yake Tata tuliyeishi naye, akatoka mbio.

"Waitu, acha! Utamfuata mumeo! Watoto hawa utamwachia nani?"

"Aliyepaa ni mkubwa kuliko wote walio chini," Mama alijibu bila kuinuka. "Na watoto hawa watakula nini, wifi?"

Shangazi akaketi mlangoni akalia. Hakuwa na roho mbaya, aliogopa kweli.

Mwaka uliofuata Mama akafa. Kijiji kizima kilikuwa na jibu moja: maharage. Mpaka leo jibu hilo linanipandisha hasira. Mama alikohoa miezi mingi kabla Tata hajazikwa, na wote walimsikia. Maharage hayakumuua. Yalitulisha, mimi na wadogo zangu wawili.

Siku ya pili ya msiba wake wadogo zangu walilia njaa. Majirani, ambao desturi yao ilikuwa kuleta ndizi msibani, sasa waliogopa nyumba yetu. Nikachukua kikapu, nikaenda kibanjani, nikaanza kufukua viazi kwa mikono. Nilisikia Shangazi akija nyuma yangu, nikangoja anikemee. Akapiga magoti kwenye tope, akaingiza mikono yake udongoni.

"Fukua, mwanangu," alisema. "Kama ni kuvutwa, tuvutwe wote."

Hatukuvutwa. Shangazi alitulea sote watatu, akazeeka mpaka akapoteza meno.

Sasa ninaishi Nshambya, nina shamba dogo na wajukuu. Kila Sikukuu ya Kupaa nasikia wakihubiri habari za wingu lililompokea. Mimi wingu silifikirii. Nafikiria kwamba mwenye makovu ndiye anayetawala, na kwamba Mama alilijua hilo akiwa ameinama kwenye tope. Nikitoka kanisani naingia shambani na gauni langu zuri, nang'oa maharage, msiba uwepo usiwepo.