Spana za Baba na Mtani wa Mohoro

Banda lilikuwa la bibi mmoja mjane, kando ya barabara kuu, kidogo kabla hujaingia Kibiti ukitokea Bungu. Alilipangisha kwa watu wanaotaka kutengeneza magari yao wenyewe. Mimi nilikodi nusu. Nusu nyingine ilikuwa ya mwanamume mmoja wa Mohoro, mtu mwenye mvi zake, aliyekuwa na pikapu ya kubebea mpunga. Namkumbuka vizuri kwa sababu nilimchukia kila siku ya Mungu.

Mimi ni nesi hapo Kibiti, kwetu Tabora. Nilikuwa na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichokufa injini na sikutaka fundi yeyote akiguse. Baba yangu alikuwa dereva wa malori, akanifundisha kufungua injini kabla sijajua kusonga ugali. Alipofariki, kaka zangu waligawana ng'ombe, mimi nikaomba spana zake. Nilipewa zote, zimefungwa kwenye kipande cha turubai, zimelainika kwa vidole vyake. Sina kingine chake.

Jirani yangu aliposikia natoka Tabora alipiga makofi.

"Kumbe mtani wangu! Basi wewe mke wangu, na mahari sitoi."

Watu wa kwetu na wa kwao ni watani tangu zamani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukucheka, hata kukuchukulia kitu chako, na wewe huruhusiwi kununa. Nimekulia humo, naujua utani, nao una raha kwa wote wawili. Utani wa huyu raha yote ilikuwa yake. Nikiwa chini ya gari, aliwaita vijana wa bodaboda waje kuona miguu ya mke wake. Alimwaga oili chafu upande wangu, akasema kusafisha ni kazi ya mke. Aliegesha pikapu mpaka matairi ya nyuma yakawa kwangu. Nilipomlalamikia mwenye banda, yule bibi alicheka hadi kanga ikamdondoka begani.

"Mwanangu, si watani nyie? Mie siingilii mambo ya watani."

Adhuhuri moja nilitoka kazini nikakuta turubai la spana halipo. Nilijua lilipo kabla sijauliza.

"Mtani kachukua," alisema, wala hakugeuka. "Chako si changu?"

Nikamwambia azirudishe. Akacheka. Kesho yake nikamwambia tena, akanijibu nikampikie kwanza. Alizitumia mbele ya macho yangu, na siku moja nilimkuta anagongea bolti yenye kutu kwa spana kubwa ya baba kana kwamba ni nyundo. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye akafuta machozi ya kicheko.

"Umshitaki mtani wako? Dada, utachekwa mpaka Ikwiriri."

Injini yangu ikabaki wazi, nimeifunika gunia, vumbi la barabara likiingia. Nilikuwa nakwenda bandani nakaa tu, namwangalia. Kama macho yangeweza kuua, angeshazikwa.

Aliyezikwa alikuwa baba yake mkubwa, mzee sana, aliyefia Kibiti alfajiri. Ilibidi apelekwe kwao Mohoro, na gari la kumpeleka lilikuwa pikapu ile. Asubuhi jirani yangu alikuja bandani kuichukua, amevaa kanzu, na nyuma yake kundi la ndugu wenye kofia na macho mekundu. Wakaanza kutandika mkeka nyuma ya gari. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo yangu, na hapo ndipo nilipokumbuka mimi ni nani. Msibani, mtani anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka. Anaweza kuzuia jeneza mlangoni. Na huruhusiwi kununa.

Nikatandika gunia, nikajisogeza chini ya pikapu, nikalala mbele ya tairi la nyuma.

"Ebo! Mtani kazuia gari!" mmoja akapiga kelele, na watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Mwingine akainama. "Mtani, wataka nini? Tukupe soda?"

"Nataka spana zangu."

"We mwanamke, toka!" Sauti ya jirani yangu haikuwa na utani hata chembe. "Maiti anangoja!"

"Mume wangu, unakasirika nini?"

Banda zima likaangua kicheko. Hata yule bibi mwenye banda nilimsikia. Mzee mmoja wa ukoo wao akasema, "Mpe mtani haki yake, jua linapanda."

Turubai likatupwa chini ya gari, likanigonga bega. Nikalifungua palepale, mgongo wangu vumbini, nikazipapasa spana moja moja.

"Namba kumi haipo."

"Imepotea."

"Basi na mimi nimepotea huku chini."

Niliona ndala zake tu, zimesimama. Halafu mkono ukaingia uvunguni na namba kumi, ameitoa kwenye mfuko wa kanzu. Ilikuwa na joto la mwili wake. Yaani alikuwa anakwenda nayo mazikoni!

Nikatoka, nikajipangusa, nikawapa pole ndugu wote, na yeye nikampa. Wenzake waliitikia.

Alirudi matanga yalipokwisha. Mimi nilikuwa nafunga injini. Alisimama mbele yangu, vijana wa bodaboda wakasogea kusubiri vichekesho vyao. Mtu mwenye umri wa kunizaa akakunja mikono kifuani, akaniangalia usoni bila tabasamu.

"Shikamoo, dada."

Vijana wakarudi kwenye pikipiki zao. Mke wake nilikuwa nimekufa, na mtani wake pia. Nilimwacha asimame hapo mpaka nikamaliza nati niliyokuwa nayo.

"Marahaba," nikamwitikia, nikainama kukaza inayofuata kwa namba kumi.