Babu ya Batu Mu Maharagi Yangu

Yule babu nilimukula miaka sita mbele nijue kama iko mutu pale. Nilimukula na chumvi, na mafuta ya mawese wakati mafuta iko. Batoto bangu bakamukula, na pasta wetu akamukula siku ya Mungu, akaomba sahani ya pili. Musinitazame vibaya. Ye alikuwa chini mu udongo, maharagi katikati, siye juu na vijiko.

Ilikuwa hivi. Mwisho ya miaka ya tisini tulifika Nakivale, kambi ya bakimbizi kule Uganda, mimi na bwana yangu na batoto, tukitoka Kivu ya Kusini. Bakatupa parsele, kipande cha udongo cha kulima, mu Rubondo, upande moja ya kambi. Ile parsele, ungesema Mungu alikuwa amechoka siku aliifanya: mawe, majani makavu, mawe tena. Lakini kule nyuma kulikuwa fasi moja ya muviringo, imeinuka kidogo kama mukate, udongo yake mweusi na laini, unaweza kuilima na kidole. Pembeni kulikuwa kitu kirefu cha udongo mugumu, kimevunjika, kama mutumbwi mutu alisahau. Bwana yangu akasema pengine batu ba zamani balikuwa banaoga humu. Nikasema basi balikuwa bachafu sana, tazama vile udongo imekuwa muzuri. Tukapanda maharagi.

Yale maharagi nilikuwa nayapeleka mujini Mbarara kwa Muislamu mumoja mwenye duka, mutu wa tumbo kubwa na sauti ndogo, kama sauti imejificha nyuma ya tumbo. Anashika punje moja, anaiuma, anafunga macho.

"Bibi, haya unayalisha nini? Wallahi, yanaiva kabla maji hayajachemka."

Nikamwambia nayalisha maombi. Mimi ni Muprotestanti, nilitaka asikie vizuri.

Kisha bwana yangu akakufa. Alikuwa mutu wa pole-pole mu kila kitu, lakini ku kufa alifanya haraka: asubuhi alinung'unika juu ya chai, jioni tulikuwa tunamulilia. Ilikuwa kiangazi. Bandugu ba kanisa bakajaribu kuchimba nyuma ya nyumba, majembe yakalia ku mawe kama kengele. Bakajaribu karibu na njia, ni vile vile. Pasta, mwenye sauti ya mutu anaita mbuzi ng'ambo ya muto, akasema Bwana ametutayarishia fasi laini, na bote bakageuka kutazama shamba yangu. Kwetu mutu anazikwa karibu na nyumba, asikie sahani zikilia, asijione mugeni. Nikasema mumuweke pale pembeni, lakini musinikanyagie mistari. Musimu uliofuata nikapanda nikimuzunguka. Nilikuwa na batoto ba kulisha, na ye mwenyewe alipenda maharagi kuliko vile alinipenda.

Mwaka wa pili wa ujane wangu njo muzee mumoja wa ng'ombe alikuja. Mwenyeji wa pale, Munyankore murefu, mwembamba kama fimbo yake, kofia ku kichwa, na ng'ombe zake za pembe kubwa zinamungoja nyuma kama batu mu foleni. Hapo kwanza nilimuona mara mingi akisimama mbali, anatazama shamba yangu, nikafikiri anatafuta bibi. Siku ile akaja mupaka karibu. Salamu zake ni ndefu: aliuliza habari yangu, ya batoto, ya usiku, ya mvua, ya mbuzi yangu moja. Kiswahili chake alikiokota ku soko ya ng'ombe, na anakisema pole, kama mutu anahesabu mayai.

"Nyabo," akasema, kwao ni kama kusema mama, "mimi nakuja sema kitu moja. Hapa ilikuwa boma ya babu yangu. Yeye iko ndani."

"Ndani ya nini?"

Akanyoosha fimbo. "Ndani ya maharagi."

Akanieleza. Kwao, zamani, mwenye boma akikufa banamuzika mu boma ile ile, pale ng'ombe zake zinalala, kisha familia inahama na ng'ombe, inamuacha yeye na mavi. Njo sababu udongo ni mweusi. Kile kitu nilisema ni cha kuogea, ni fasi ng'ombe zilikuwa zinakunywa maji. Na babu alikuwa katikati kabisa, pale mistari yangu mizuri inaanzia.

Nilitafuta huruma mu roho yangu, nikapata kicheko. Nikamwambia, "Basi muzee, hayuko peke yake. Pembeni yake kuko bwana yangu. Anakoroma, lakini hana ubaya."

Nilifikiri atanipiga. Akatoa kofia, akatazama kaburi ya bwana yangu wakati murefu. Akauliza, "Yeye alikuwa na ng'ombe ngapi?"

"Hakuna hata moja."

"Basi," akasema, "babu yangu atamupa kazi ya kuchunga."

Kutoka siku ile tukawa batani. Akipita na ng'ombe ananiuliza kama muchungaji wake ameamuka. Mimi namuuliza kama babu yake ametosheka na mbolea. Alisema naweza kulima pembeni, lakini katikati, hatua tatu, nisiguse. Nikakubali. Nikagusa mbili. Alijua. Akakohoa tu.

Njo hapo tulifanya ujinga wetu, mimi na ye, kila mutu kivyake. Ku biro, ile ofisi ya kambi, balitaka kuandika mapatano ya ardhi kati ya siye bakimbizi na benyeji: nani analima wapi, ng'ombe zinapita wapi kwenda kunywa ku ziwa, na fasi gani mutu asiguse. Mukubwa wa ardhi akatembea nyumba kwa nyumba. Yule bwana anaongea na pua, na anapenda kusema kitu mara mbili.

"Mama, sikia. Sikia. Hapa kwa ploti yako iko kitu ya zamani? Kaburi? Kisima ya watu wa zamani? Kitu ya mila?"

Mimi nikafikiri: nikisema iko kaburi, batanichukulia udongo mweusi, nibaki na mawe. Nikatazama kaburi ya bwana yangu, ilikuwa nyuma ya mugongo ya yule bwana, majani ya maharagi yameifunika vizuri. Nikasema, "Hapa kuko maharagi tu."

Akaweka alama yake.

Kesho yake akamuuliza muzee wa ng'ombe. Na ye akafikiri yake: siku zile mwenye ng'ombe akisema babu yangu amelala pale, banasema anataka kunyang'anya gavumenti udongo, banamufukuza ye na ng'ombe zake. Akasema hapana, mimi sina kitu pale. Alimukana babu yake mara moja tu, mbele ya saa sita, akakwenda kunywa maziwa.

Kisha mvua mbili zikapita. Asubuhi moja natoka na jembe, naona vijiti vya rangi nyekundu. Vinatoka ku njia, vinaingia mu parsele yangu, vinapita katikati ya udongo mweusi, moja imesimama ku miguu ya bwana yangu kabisa. Jirani akaniambia ni barabara ya ng'ombe, tingatinga itakuja kuisawazisha mupaka ku ziwa. Ile barabara, mutu aliiomba miaka yote bila kuchoka alikuwa muzee wangu wa ng'ombe. Bamemusikia. Bamepima mustari murefu, munyoofu, juu ya babu yake.

Nilikwenda kwake mbio, na mimi si mutu wa mbio. Alikuwa ameshajua. Alikaa chini bila kofia. Nikamulaumu, akanilaumu, tukamaliza. Kisha tukaenda ku biro pamoja, mimi mbele, ye nyuma, ng'ombe zake tukaziachia bajirani.

Mukubwa wa ardhi akatutazama juu ya miwani. Akafungua fomu.

"Nilikuuliza, ukasema hapana. Hapana. Nikamuuliza huyu mzee, akasema hapana. Leo maiti imetoka wapi? Imetoka wapi?"

Miaka mingi nimecheka batu ba biro, na ile siku nilikuwa kama mutoto amekamatwa na sukari mu kinywa. Nikasema tulidanganya, bote babili. Akatuliza pua kidogo, sababu si mutu mubaya. Akasema mustari unaweza kusogezwa, barabara izunguke chini, mbali kwa ng'ombe. Muzee akasema zitazunguka, zina miguu mine. Lakini, mukubwa akasema, kama ni kaburi, sheria ni ya bote: hatua kumi na mbili kila upande, hakuna tingatinga, hakuna ng'ombe, hakuna jembe.

Nikahesabu mu kichwa. Udongo mweusi yote, toka upande huu mupaka ule, ilikuwa hatua ishirini na kidogo. Maana yake kila punje. Karo ya shule, chumvi, sabuni, batoto bakiugua, yote ilikuwa inatoka mu ile mukate mweusi. Nikamutazama muzee wa ng'ombe. Angesema tu neno moja ningekasirika, ningekuwa na sababu ya kukataa. Akashika kofia yake na kungoja.

Nikamuona bwana yangu pale chini, na ile tingatinga juu yake, ye mwenye alikuwa anaruka hata nikifagia karibu na miguu yake.

"Andika," nikasema.

Baadaye bakatupa kila mutu karatasi ya mapatano, tusome nyumbani mbele ya siku ya kuweka kidole. Niliisoma vizuri: ilikuwa nyeupe, na mistari myeusi. Nikaifunga mu kitenge, nikaenda nayo Mbarara na gunia yangu ya mwisho. Mwenye duka akavaa miwani, akanisomea Kizungu kile, akikigeuza neno kwa neno. Kuko njia ya ng'ombe. Kuko kisima. Kuko mupaka wa mahindi. Nikamwambia soma tena. Akasoma mara tatu. Kaburi haikuwa mu karatasi.

Akaniuliza kaburi gani, bibi. Nikamweleza. Alikuwa anakula, bakuli mbele yake, na mu bakuli unajua kulikuwa nini. Akaweka kijiko chini pole-pole.

"Miaka yote hii, bibi?"

"Miaka yote."

"Astaghfirullah," akasema. Akatazama bakuli. Lakini nikitoka nilisikia kijiko kikirudi kazini.

Siku ya kidole tulikuwa mu kanisa, bakimbizi upande huu, benyeji upande ule, wino juu ya meza. Bakapanga batu mu mustari. Mikono ikapita. Ilipofika kwangu nikaweka mukono nyuma.

Mukubwa akasema, "Mama, weka kidole. Weka."

Nikamwambia nataka kwanza nisome. Kanisa ikacheka, kila mutu anajua mimi sikuona ubao hata siku moja. Basi nikasimama, nikashika karatasi pengine kichwa chini, nikasoma yote, toka mwanzo, vile mwenye duka alinisomea, na pua ya mukubwa, na mara mbili-mbili yake. Njia ya ng'ombe itapita chini, itapita chini. Kisima ni cha bote, cha bote. Pasta alificha uso mu Biblia. Nikamaliza, nikasema, "Babu hayuko, na bwana yangu hayuko. Mumebaacha wapi?"

Mukubwa akanyakua karatasi, akasoma, akageuka rangi. Akasema ule mustari ulibaki ku kompyuta. Nikasema basi kompyuta ije iweke kidole.

Muzee wa ng'ombe akasimama upande wa benyeji. Yeye alikuwa ameshaweka kidole chake. "Ngoja," akasema, "mimi nataka kidole yangu irudi."

Mukubwa akachukua kalamu, akaandika pembeni kwa mukono, akaandika vile ku karatasi zote, jasho inatoka. Nikamwambia asome. Akasoma: fasi ya makaburi mbili, hatua kumi na mbili kila upande, hakuna kugusa. Alisoma mara moja tu. Njo nikaweka kidole, na kingine juu yake, asisahau.

Tulizungushia ile fasi miti ya miiba, ye analeta miiba, mimi naleta maneno. Mvua ilipokuja, maharagi yaliyobaki chini yakaota yenyewe mule ndani, yakapanda juu ya miiba, mazuri kupita yote niliyopanda. Muzee akaniambia karatasi inakataza jembe, haisemi kitu juu ya mukono. Nikamwambia karatasi inasema hakuna kugusa, niliisoma. Tukayaacha yakauke. Ilinichoma roho, sisemi uongo.

Nikalima kule ku mawe. Gunia ya kwanza ya maharagi ya mawe nikaipeleka Mbarara. Mwenye duka akachukua punje, akauma, akashika shavu.

"Bibi, maharage yamekuwaje haya?"

"Ni yale yale," nikamwambia. "Nimetoa nyama."