Kurasa Tisa za Bwana Harusi

Shule niliishia darasa la nne. Kampuni yangu ya usafi, inayofagia ofisi kule Herndon, huku ughaibuni, sikuirithi kwa mtu. Kwa hiyo msomi hanitishi.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, binti wa kaka yangu alichumbiwa na kijana wa chuo, bingwa wa mambo ya kale. Binti mama yake alishafariki, na kwetu anayemfunda mwali ni shangazi, yaani mimi. Wiki nzima nilimwona ana swali limemkaa kooni. Hakuwa na wa kumwuliza ila mimi, na nafasi yenyewe ilikuwa Jumamosi hiyo, kwenye kicheni pati, wanawake watupu, ukumbi wa jengo langu Riverdale Park.

Asubuhi yake bwana harusi akaniletea kurasa tisa. “Shikamoo shangazi. Naomba asifundishwe utumwa. Someni hizi badala yake.” Mapenzi na unyumba katika ustaarabu wa kale! Shikamoo kwanza, matusi baadaye.

Pale ukumbini nilimpa jirani yangu, muuguzi wa Kikenya, atusomee. Wagiriki: mke anafungiwa ndani na watoto, mume anakwenda kunywa na wenzake, wanawake wa kulipwa wakiwapigia filimbi. Kijana kaandika kwa sifa kwamba watu wale hawakuona haya ya mwili. Watu gani? Waume!

“Ngoja,” muuguzi akasema, “huyu Mgiriki si ndiye yule bwana yangu wa Eldoret?”

Ukumbi ukaangua kicheko. Warumi nao walioza vitoto vya miaka kumi na miwili. Ndio ustaarabu huo. Sisi tunaofunda mtu mzima aliyejichagulia mume ndio washenzi. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini upuuzi wa namna hiyo asingeujazia kurasa tisa.

Wamisri kawapa mistari miwili tu: kwamba katika nyimbo zao mwanamke alisema wazi anamtaka mwanamume.

“Auntie, rudia hapo,” binti akasema.

Muuguzi akarudia. Binti amezaliwa huku, siku zote hunijibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alijikongoja kwa Kiswahili: “Shangazi, kama mimi nataka... kabla yeye hajataka. Ni aibu? Ataniona malaya?”

Kumbe swali ndilo hilo. Na yule bingwa, kwa kurasa tisa, hajawahi kumwuliza mchumba wake anataka nini.

Nilizichukua zile karatasi nikazikalia. “Kutaka si aibu, mwanangu. Na siku hutaki, kukataa si aibu. Mwambie hivyo leo, kabla ya ndoa. Akikuletea habari za Wagiriki, rudi, chumba kipo.”

Binti akatoka kwenda kwenye korido na simu yake. Tulimsikia akiongea, tena kwa sauti. Aliporudi, macho makavu, akasema, “Nimesema yote mawili. Nimemwambia afikirie, nami nafikiria.” Kisha akakaa mkekani mbele yangu, akaniambia nianze kumfunda.